Ukuta Husogezwa Mwisho

Ndugu zangu, kaeni. Wenye watoto wachanga sogeeni upande wa mlango penye hewa. Sitakuwa mrefu, ingawa najua ahadi hiyo mmeshaisikia hapa mbele mara nyingi.

Somo limesomwa, nanyi mmelisikia. Mimi nina mfano tu.

Palikuwa na shule moja ya msingi. Msiniulize iko wilaya gani, maana haipo, nimeitunga. Lakini kazi ya fundi mtakayoisikia sikuitunga. Niliiuliza kwa mtu anayeifanya, akanieleza mara tatu mpaka nikaelewa, kwa sababu sipendi kusema uongo hata ndani ya mfano.

Shule hiyo ilikuwa na darasa la watoto wasioona. Walikuwa kumi na saba. Sasa jiulizeni, mtoto asiyeona anasomaje kitabu? Viko vitabu vya nukta nundu, vile vinavyosomwa kwa vidole. Lakini ni vinene na ni adimu, na pale shuleni kimoja kiligombewa na watoto sita. Kwa hiyo walikuwa na njia nyingine. Nyuma ya stoo ya majembe palikuwa na chumba kidogo, na ndani yake kompyuta na maikrofoni. Mtu mwenye macho anaingia, anafungua kitabu, anasoma kwa sauti, na kompyuta inahifadhi. Baadaye watoto wanasikiliza. Kwa watoto wale kitabu hakikuwa karatasi. Kitabu kilikuwa sauti ya mtu.

Na sauti yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya mtu mmoja, mume wa mwalimu wao. Alikuwa karani wa posta aliyestaafu, mtu wa maneno machache nyumbani, lakini mbele ya kitabu alikuwa hachoki. Alianza zamani, enzi za kanda za kaseti. Kompyuta ilipokuja aliendelea. Alisema atasoma rafu nzima ya vitabu vya shule kabla Mungu hajamwita.

Walikuwa na desturi pale ambayo mimi naipenda sana. Msomaji akichoka, hazimi tu na kwenda zake. Anasema kwanza ameishia wapi. "Nimeishia ukurasa wa arobaini, aya ya tatu. Atakayefuata aanzie hapo." Ndipo anazima. Hata yule mume, aliyekuwa anajifuata mwenyewe kesho yake, alisema vile vile kila siku. Atakayefuata aanzie hapo. Hakuwahi kusema, "Kesho nitaendelea."

Kasoro yao ilikuwa dirisha. Nje ya dirisha palikuwa na jogoo wa jirani. Katika kitabu cha historia, sura ya nne, pale wageni wanapotua na bendera zao, jogoo anasikika akiwika mara mbili. Mara mbili, si tatu, msinitazame hivyo. Watoto walikuwa wanaisubiri sehemu ile, na ikifika darasa zima linawika naye.

Sasa nisikilizeni kwa makini kuhusu ile kompyuta. Ilitumia Linux, ule mfumo unaotolewa bure, na unaokubali kuongea na mtu asiyeona. Ndani ya kompyuta kuna diski, na diski ni kama nyumba. Unaweza kuijengea ukuta, ikawa na vyumba viwili. Mafundi wanaviita patisheni. Siku kompyuta ilipoletwa, mwalimu aliulizwa, "Tugawe vipi?" Akasema chumba kidogo kiitwe WANAFUNZI, kiwe cha walimu na wageni wanaosoma mara moja moja. Chumba kikubwa kiitwe BABA. Kidogo kilipewa GB tisini, kikubwa mia nne. Ninyi mnaonunua bando mnaijua GB kuliko mnavyozijua amri kumi, kwa hiyo hapo sielezi.

Mwezi wa pili yule mume alikufa. Kifua. Alikuwa katikati ya kitabu cha maarifa ya jamii cha darasa la saba. Alikuwa amesoma sura tisa. Zilibaki nne.

Mwalimu alirudi kazini siku ya kumi na mbili. Akaingia kwenye kile chumba cha kompyuta, akaifunga BABA kwa neno la siri. Akawaambia wenzake, "Humo haiingii sauti nyingine." Hakuna aliyebisha. Nani angebisha? Ninyi mngebisha?

Walimu wengine waliendelea kusoma na kuhifadhi katika WANAFUNZI, leo sayansi, kesho hisabati. Siku moja kompyuta ikasema, hakuna nafasi. Tisini zimejaa. Na mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza wiki tisa.

Binti mmoja wa darasa lile, mwenye ulimi, akamwendea mwalimu wake. "Mwalimu, sura ya kumi ya maarifa ya jamii iko wapi?"

"Bado."

"Bado ya wiki hii, Mwalimu, au bado ya siku zote?"

Mwalimu hakumpiga. Alikwenda kwenye kile chumba, akavaa hedifoni, akakaa.

Shule ilikuwa na mwalimu kijana wa kompyuta, mwenye moyo mzuri na mikono ya haraka. Akamwambia mkuu wa shule, "Hili ni jambo la nusu saa, mkuu. Naipunguza BABA, naiongeza WANAFUNZI. Mama mwalimu hata hatajua." Akajaribu, kompyuta ikamkatalia. Ikasema sehemu hiyo inatumika. Akajaribu tena, ikakataa tena. Akasema, "Kuna namna ya kuilazimisha." Hapo mkuu wa shule, ambaye hakujua kompyuta lakini alijua watu, akasema, "Usilazimishe kitu kinachosema kinatumika. Ngoja nimpigie fundi simu."

Fundi akaja kesho yake asubuhi, kwa basi la kwanza. Alikuwa mtu mzima, miaka arobaini hivi, na fimbo nyeupe mkononi. Naam, fundi mwenyewe alikuwa haoni. Alisoma pale pale, katika darasa lile lile. Mwalimu kijana alipomwona anapapasa kizingiti cha mlango alimtazama mkuu wa shule kama mtu anayeuliza, na mkuu wa shule akajifanya anatafuta kalamu mfukoni.

"Shikamoo, Mwalimu," fundi akasema, kabla hajaambiwa ni nani yupo ndani.

"Marahaba. Sauti hii naijua. Wewe si yule aliyekula sabuni akidhani ni kashata?"

"Ndiye mimi. Povu lilinitoka mpaka sala ya jioni."

Mwalimu akacheka kidogo. Watu walisema alikuwa hajacheka tangu mwezi wa pili.

Fundi akakaa, akaomba aelezwe. Akamuuliza yule kijana, "Ulitaka kuanza na nini, mdogo wangu?"

"Kupunguza patisheni. Ukuta wa BABA tuukate uje mpaka sabini hivi, halafu..."

"Na vilivyomo ndani?"

"Vitajipanga."

"Vitajipanga!" Fundi akacheka, lakini si kwa dharau. "Ukitaka kupunguza chumba cha mtu, unajenga ukuta mpya kabla hujasogeza kitanda? Ukuta wako utapita katikati ya kitanda, na aliyelala juu yake. Sauti hazikai kwa mstari humu ndani. Moja iko huku mwanzo, nyingine iko kule mwisho, nyingine imekatwa vipande na kila kipande kina kona yake. Unavikusanya kwanza vilivyomo, taratibu, mpaka vyote viwe upande mmoja na ujue hakuna kilichobaki nyuma. Ukuta husogezwa mwisho."

Kisha akaelekeza sikio. "Kompyuta ilisema sehemu inatumika. Nani amefungua?"

"Mimi," mwalimu akasema. "Huwa nasikiliza, na nikitoka naiacha wazi. Nakuja asubuhi, na mapumziko, na wakitoka."

"Unasikiliza ipi, Mwalimu?"

"Ya mwisho. Sura ya tisa."

"Yote?"

"Karibu yote."

Fundi mzuri haachi neno lianguke chini, na lile "karibu" aliliokota, akalitia mfukoni.

Mwalimu akamwambia, "Nisikilize na mimi. Sitaki kifutwe kitu. Na sitaki aingizwe mtu kwake."

"Sifuti kitu, na simwingizi mtu kwake. Nasogeza ukuta tu."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, na mimi nitakuwa nimempoteza. Umesahau nani alinisomea kwenye kanda mpaka nikafaulu? Ndiyo maana natoa nakala kwanza." Akatoa diski yake ya kazi kwenye mkoba, akanakili kila kilichokuwamo BABA, faili kwa faili. Ilichukua muda mrefu.

Mwalimu kijana akauliza, "Ukishakuwa na nakala, kwa nini bado unaenda polepole?"

"Nakala inaniondolea hofu, mdogo wangu. Hainiondolei adabu."

Ndugu zangu, mimi nimeishi miaka sitini na minane, na jibu hilo nimelipenda kuliko hotuba nyingi nilizosikiliza.

Sasa tazameni alivyofanya. Alimwomba mwalimu avue hedifoni. Akafunga kila kilichokuwa wazi, akaizima kompyuta yote. Kisha akaiwasha tena, si kutoka kwenye diski yake, bali kutoka kwenye flashi aliyokuja nayo. Kwa nini? Akaeleza kwamba nyumba haipimwi upya wakati wewe mwenyewe umelala ndani yake. Unatoka, unasimama uani, ndipo unaiona yote, na ndipo inakuruhusu kuigusa. Flashi ile ilikuwa uani kwake.

Kompyuta ikaanza kumsemesha, kwa kasi kama dalali wa mnada, na mwalimu kijana mwenye macho mawili hakuambulia hata neno. Fundi alikuwa anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Endelea." Vidole vyake vilikuwa kwenye vitufe kama vya mpiga kinanda.

Kwanza alikagua chumba cha BABA kama kuna kilichovunjika. Hakuna. Akauliza kimejaa kiasi gani. Kompyuta ikajibu, naye akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu," akasema, "Baba ana sitini na moja."

"Kati ya ngapi?"

"Mia nne."

"Haiwezekani. Miaka yote ile?"

"Ni sauti nyingi sana, Mwalimu, ni zaidi ya saa mia moja. Lakini ni sitini na moja. Zilizobaki ni tupu."

"Si tupu. Ni zake."

"Za nini, Mwalimu?"

Akasema, "Za vitabu alivyokuwa hajasoma."

Ndugu, ingekuwa ni mimi au wewe, tungemwambia nini mama yule? Tungemwambia, mama, kubali, marehemu hasomi. Tungekuwa tumesema kweli, na tungekuwa tumemwumiza, na asingetukabidhi ile kompyuta. Fundi hakusema hivyo. Alisema, "Basi nitamwachia sabini. Sitini na moja zake, na tisa za kupumulia. Hatabanwa."

Mwalimu akasema, "Tisa za kupumulia." Akalirudia mara mbili. Kisha akasema, "Haya."

Lilibaki jambo moja. Chumba cha BABA kilikuwa upande ambao usingeweza kukipunguza tu ukaishia hapo. Kilitakiwa kupunguzwa, kisha kihamishwe kizima mpaka mwisho wa diski, ili ile nafasi iliyopatikana iguse ukuta wa WANAFUNZI. Katika kuhama huko umeme ukikatika, kinachohama kinabaki nusu huku nusu kule. Fundi akauliza, "Hapa umeme ukoje?" Wote wakacheka, nalo likawa jibu lake. Akamwambia mkuu wa shule, "Naomba betri ya gari lako."

"Na mimi nitaondokaje?"

"Utaondoka nikimaliza, mkuu."

Betri ikaletwa, ikaunganishwa na inveta ya ofisini, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha kompyuta. Ndipo akaanza. Akavikusanya vilivyomo. Akahakikisha. Akasogeza ukuta. Akahakikisha. Kisha akaanza kuhamisha, akaondoa mikono kwenye vitufe, akaiweka magotini. Saa mbili nzima alikaa hivyo. Simu yake iliita, hakuipokea. Mwalimu kijana akauliza, "Tumefika wapi?" Akamjibu, "Asilimia thelathini. Usiniulize tena mpaka chai." Umeme ulikatika kweli, ukarudi, na kompyuta haikujua. Mwalimu alikaa kwenye kigoda kando yake muda wote ule, mikono kifuani, kama tunavyokaa nje ya mlango wa wodi. Alikuwa na haki. Mle ndani mtu wake alikuwa anahamishwa.

Mwisho fundi akaipa WANAFUNZI ile nafasi, zaidi ya mia tatu. Mwalimu kijana, ambaye sasa alikuwa ameketi chini kama mwanafunzi, akaona kitu. Akasema, "Hapa umegeuza. Kwa BABA ulianza na vilivyomo, ukuta baadaye. Kwa WANAFUNZI umeanza na ukuta."

"Vizuri," fundi akasema. "Anayepunguziwa hukusanywa kwanza. Anayeongezewa hufunguliwa kwanza. Ukilijua hilo, nusu ya kazi unaijua."

Akaiwasha kompyuta kwa njia yake ya kawaida. Mwalimu akaingiza neno la siri. Mafaili yote yalikuwepo, kwa hesabu na kwa majina. Mkuu wa shule akasema, "Mungu ni mwema, nirudishieni betri."

"Bado," fundi akasema. "Tufungue faili la mwisho. Tulisikilize kule mkiani, maana kinachokatika hukatika mkiani."

"Si lazima," mwalimu akasema.

"Mwalimu, siwezi kukabidhi kazi ambayo sijaisikiliza."

"Huwa nazima kabla."

"Najua. Ulisema karibu yote." Akanyoosha mkono akazishika hedifoni. "Nivae mimi nisikilize peke yangu? Nitakwambia tu kama pamesalimika."

Sasa mnaelewa kwa nini alikuwa anazima kabla. Alikuwa anajua desturi yao. Alikuwa anajua kila faili linaishia na maneno gani. Alikuwa radhi kuisikia sura ya tisa mara mia, mito na milima na mikoa yake, mradi asiyasikie yale maneno. Maana kabla hayajasemwa, msomaji hajamaliza.

Mwalimu akaziondoa hedifoni mikononi mwa fundi. Akaushika waya, akauchomoa kwenye kompyuta. Sauti ikatoka nje, kwa wote.

Ilikuwa ya mtu aliyechoka, lakini haikuwa na mkwaruzo wowote. Alimaliza sentensi yake. Akakohoa. Kikombe kikagusa meza. Kisha akasema:

"Nimeishia ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, aya ya pili kutoka chini. Atakayefuata aanzie hapo."

Wakadhani imekwisha. Jogoo akawika.

"Na afunge dirisha kwanza," ile sauti ikasema. "Huyu jogoo hana dini."

Ikazima.

Aliyeanza kucheka ni mwalimu. Alicheka mpaka akashika meza, na machozi yakamtoka humo humo katika kicheko, wala hakuyafuta. Kisha akanyanyuka. Akaenda dirishani, akalifunga. Akauliza, "Kitabu kiko wapi?"

Mwalimu kijana akamletea. Akamwambia, "Mama, wewe pumzika, mimi nitasoma."

"Utasoma," mwalimu akasema. "Ile aya ya pili kutoka chini ni yangu. Na ya chini yake."

Akaketi kwenye kile kiti. Akasoma aya mbili, mwanzo wa sura ya kumi, hazikuzidi dakika mbili. Alipofika chini ya ukurasa akavuta pumzi, akasema kwenye maikrofoni: "Nimeishia ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, mwisho kabisa. Atakayefuata aanzie wa mia moja na kumi na tatu."

Akasimama, akampisha.

Wapendwa, mfano wangu umefika mwisho. Sasa tuseme habari zetu sisi.

Tunapokwenda matangani, wengi wetu tuna mikono ya yule kijana. Mioyo yetu ni mizuri. Lakini mtu hajamaliza hata kuhesabu walikuja wangapi kuzika, sisi tumeshamwambia nguo agawe, chumba apangishe, asahau, asonge mbele. Tunaleta ukuta kabla ya kukusanya vilivyomo. Na mtu akitukatalia tunasema amekufuru, amekosa imani. Hajakosa imani. Anasema sehemu hii inatumika. Kwa nini hatukai kwanza? Kwa nini hatumuulizi, "Unasikiliza nini, na unaishia wapi?" Yule fundi aliombwa asifute, akaahidi hafuti, na hakufuta. Wangapi kati yetu tumeahidi hivyo nyumba ya msiba na tukatimiza?

Lakini na sisi tunaolia tuambiane. Cha marehemu wetu ni sitini na moja. Ni kingi, ni kizima, Mungu amekitunza, wala hakuna anayekidai. Zile nyingine tumezifungia neno la siri, na ndani hamna kitu. Tunalinda utupu, tunauita kwa jina la mtu tunayempenda. Yeye hakutuomba. Yeye alipomaliza sehemu yake alisema ameishia wapi, akamwachia atakayefuata. Sisi ndio tuliozima kabla ya kusikia. Na nje ya mlango kuna mtoto anauliza sura ya kumi iko wapi, ni bado ya wiki hii au bado ya siku zote.

Nikisema sisi, nami nimo.

Kuna wimbo mmoja haujaimbwa humu tangu mwezi wa kwanza. Mnaujua. Hakuna aliyekataza. Mwenyekiti wa kwaya akiufikia kwenye orodha anauruka, akidhani mzee haoni. Mama yenu, marehemu mke wangu, ndiye aliyekuwa anauanzisha, akiwa pale, benchi la tatu, karibu na dirisha. Na pale alipokuwa akikaa hamjapakalia. Mlinihurumia, na Bwana awalipe, maana zile wiki za kwanza nisingeuweza. Mlinikusanya kwanza. Lakini juzi kwenye mafundisho niliwauliza watoto wa kipaimara kama wanaujua, wakatazamana. Hawaujui. Mwaka mwingine kama huu, na utakuwa umekufa wimbo pamoja na mtu.

Basi wale mama wawili mliosimama nyuma, njoni mkae kwenye benchi la tatu. Ndiyo, hapo hapo. Karibuni.

Tusimame sote. Mimi siuanzishi, mnajua sauti yangu inaanzia juu halafu inawaacha huko. Aanzishe yeyote, kuanzia ubeti wa kwanza. Na hilo dirisha liacheni wazi.